Mstari Mwekundu wa Saa Mbili

Kila asubuhi saa mbili kamili, Bwana Wahome alitoka chumbani mwake na rula na kalamu nyekundu, akakifungua kitabu cha mahudhurio pale mezani karibu na mlango, akapiga mstari. Waliotia sahihi juu ya mstari walikuwa wamekuja kazini. Waliotia chini yake walikuwa wachelewaji, na Ijumaa majina yao yalisomwa kwa sauti huku wenzao wakitazama viatu.

Jina la Kavata Nzioka lilikuwa chini ya mstari siku zote.

Ofisi hiyo ya kilimo ilikuwa juu katika vilima vya Mbooni, ng'ambo ya soko, na mwaka ulikuwa 1982. Kavata alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alizaliwa upande wa Kitui, karibu na Tulia, kwenye shamba ambalo mvua za utoto wake zililamba udongo wake mpaka mwamba ukabaki uchi, na baba yake akaishia kulima mawe. Alipoolewa Mbooni alikuta milima mikali kuliko ya kwao, lakini bado ilikuwa na udongo. Mwaka wa 1971 afisa mmoja mzee alimfundisha kupima mitaro, akaona jicho lake linashika haraka, akamwandika kibarua.

Kibarua alibaki miaka kumi na moja. Kila baada ya miezi mitatu kazi yake iliisha siku ya Ijumaa na kuanza upya Jumatatu, ili isihesabike kwamba ameajiriwa. Mumewe, aliyeendesha lori la kwenda Mombasa na kulala nyumbani mara mbili kwa mwezi, alimtania kwamba ameachwa na serikali mara arobaini na nne na bado anarudi kwa mume yule yule.

Sasa barua ilikuwa imefika. Tarafa ilipewa nafasi moja ya kudumu, msimamizi wa mitaro, na Bwana Wahome ndiye angependekeza jina kabla ya Machi kwisha. Mwenye miaka arobaini hangefikiriwa. Kavata alikuwa akitimiza arobaini mwezi wa Juni.

Kazi yenyewe ilikuwa na saa zake, na saa hizo hazikuwa za ofisi. Mitaro ya Mbooni huchimbwa na mwethya, yaani wanawake wa kijiji waliojiunga, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwethya huanza saa kumi na mbili na nusu, umande ungali kwenye majani, na saa tano jua likishakuwa kali kila mmoja anakimbilia maji, kuni na watoto. Anayepima lazima awatangulie. Kwa hiyo Kavata aliamka saa kumi alfajiri, akawa mlimani kabla ya majembe, akapanga vigingi na kusimamia uchimbaji, kisha akateremka ofisini karibu saa sita, matope hadi magotini, kutia sahihi chini ya mstari mwekundu. Saa tisa aliondoka tena kwenda kupanga vigingi vya kesho.

Bwana Wahome, aliyehamishwa kutoka Nyeri mwezi wa Januari, aliona mambo mawili tu: mwanamke anayefika adhuhuri, na mwanamke huyo huyo akiondoka saa tisa.

Muthama naye alionekana vizuri. Muthama alikuwa kibarua wa miaka minne, kijana wa shati jeupe, na kazi yake ilikuwa ramani na ripoti. Alifika saa moja na nusu. Jioni hakuondoka mpaka Land Rover ya bosi itoke getini, hata kama ni saa kumi na mbili na nusu. Alipokosa la kufanya alichukua faili za miaka ya nyuma akazinakili upya kwa mwandiko mzuri. Bosi akipita kwenye korido, alisikia kalamu ikikwaruza.

"Huyo kijana atakufa kwenye kiti hicho," alisema Ndululu, tarishi mzee wa ofisi, ambaye alikuwa na funguo zote. "Tutamzika nacho."

Mwanzoni mwa Machi Kavata alibisha mlango wa Bwana Wahome, akasimama mbele ya meza yake.

"Bwana, nimekuja kuuliza juu ya ile nafasi."

"Keti, mama." Hakuwa mtu mkali. Alizungumza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Nafasi ni moja. Mimi ni mgeni hapa, simjui mtu kwa ukoo wala kwa kanisa. Naandika ninachokiona. Muthama namwona asubuhi, namwona jioni. Wewe nitaandika nini?"

"Uje mlimani uone, bwana. Saa kumi na mbili na nusu."

"Nikienda kumwangalia kila mtu mahali anapodai yuko, ofisi hii itabaki na nani?" Akatabasamu. "Siwezi kuandika nisichokiona, Kavata. Sijakukataa. Sijakuona tu."

Kavata alitoka nje. Ndululu, aliyekuwa amesikia yote kupitia mlango, alimvuta pembeni. "Dada yangu, anataka kukuona. Si akuone? Leta sweta, leta chai kwenye chupa, keti hapo mbele ya mlango wake. Kilima hakihami."

Wakati huo mwethya walikuwa wakianza mteremko mrefu wa Kwa Ndeti, na chini ya mteremko huo, kando ya korongo, kulikuwa na nyumba tatu za ukoo wa Ndeti. Mwenyekiti wa mwethya alikuwa Kaluki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, ambaye kwa miaka sita alikuwa ameshika fimbo ya upande wa pili kila Kavata alipopima. Kavata alimwachia vifaa. Vilikuwa fimbo mbili za urefu sawa, kamba ya mita nane kati yake, na pimamaji dogo linaloning'inizwa kwenye fundo la uzi wa bluu katikati kabisa ya kamba.

"Wiki chache tu," alimwambia. "Unajua kazi kama mimi."

"Na wewe unaenda wapi, mwaitu?"

"Ofisini."

Kaluki alimtazama kana kwamba amesema anaenda mwezini.

Wiki tatu Kavata alikaa. Jina lake lilipanda juu ya mstari, likawa la pili baada ya la Muthama. Hakuna aliyempa kazi. Alinoa penseli. Alihesabu majembe stoo, akayahesabu tena. Mgongo, ambao haukuwahi kumuuma mlimani, ulianza kumuuma. Jioni yeye na Muthama walibaki wakitazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akingoja mwenzake achoke, na hakuna aliyechoka mpaka Land Rover iwake.

"Mama, nenda nyumbani, watoto wanakungoja," Muthama alimwambia jioni moja, nusu mzaha.

"Mke wako je, hangoji?"

"Mke wangu anajua natafuta nini."

"Hata mimi natafuta hicho hicho. Endelea kuandika."

Kweli mtego ulinasa. Wiki ya pili Bwana Wahome alianza kumsalimu kwa jina. Wiki ya tatu alisimama karibu na meza yake na kusema, "Naona umebadilika, Kavata. Hivi ndivyo mtu anavyofanya kazi." Mara mbili mtu alikuja kutoka mlimani kumwita, na mara mbili aliambiwa mlangoni kwamba Kavata ana shughuli. Kavata mwenyewe hakuambiwa.

Jumapili ya mwisho ya Machi aliwasindikiza wageni wa kanisa mpaka ng'ambo ya bonde, na alipokuwa akirudi akainua macho. Mteremko wa Kwa Ndeti ulikuwa mbele yake wote, kama karatasi iliyoegemezwa ukutani. Mitaro saba mipya, myekundu, iliyochimbwa vizuri, udongo umetupwa juu kama inavyotakiwa. Na yote saba ilikuwa imelala upande. Si sana; mtu mwingine hangeona. Lakini Kavata aliona kama unavyoona picha iliyoning'inizwa vibaya. Mtaro wa namna hiyo kazi yake ni kuyashika maji yalale yalipoangukia. Hii saba ingeyakusanya maji ya mlima mzima na kuyasukuma upande mmoja, kwenye korongo, juu ya nyumba tatu za Ndeti.

Alikwenda moja kwa moja kwa Kaluki, akaomba kamba. Akaona.

"Mbuzi aliitafuna," Kaluki alisema. "Upande huu. Tukakata kipande kilichoharibika, tukafunga. Kuna nini? Bado inafika."

Kamba iliyoshikwa na watu wawili hulegea kidogo, na ni katikati tu ndipo inapolala sawa. Upande mmoja ulikuwa umepungua dhiraa nzima, na fundo la bluu halikuwa tena katikati. Kila walipopima, pimamaji liliwadanganya kidogo, upande ule ule, na wao wakaliamini, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha kuliamini.

Kusini kwa vilima mawingu yalikuwa yamesimama tangu juzi. Zilikuwa zimebaki siku mbili, labda moja.

Jioni ile, kabla jua halijazama, alibisha nyumbani kwa Bwana Wahome nyuma ya soko. Alimkuta akipiga viatu rangi, akaomba kesho awe mlimani.

"Kesho?" alisema Wahome. "Kesho anakuja Bwana Nzomo kutoka wilayani. Kesho kila mtu awe kitini saa mbili. Mteremko utauona Jumanne."

"Jumanne mvua itakuwa imenyesha."

"Wewe umeiona mvua ya Jumanne?"

"Bwana, kuna watu wamelala chini pale."

Wahome aliweka kiatu chini. Akashusha sauti. "Kavata, nisikilize. Barua nimeshaandika. Kesho namkabidhi Bwana Nzomo mkononi. Jina lililomo utalifurahia." Akangoja aelewe, na Kavata akaelewa. "Nimesema ndani yake kwamba huyu mama haachi meza yake. Sasa kesho nimwonyeshe meza tupu? Usinifanye niirarue."

Usiku ule hakulala sana. Alifikiria Ijumaa zote zile na Jumatatu zote zile. Alifikiria Juni. Kama angekaa kitini siku moja zaidi, siku moja tu, ingekuwa imekwisha. Na kama angeenda kimyakimya, barua ingeraruliwa na mtu ambaye mpaka mwisho angeamini kwamba alikwenda kulima shamba lake. Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa ofisini. Ndululu alikuwa akifagia.

"Leo umewazidi hata kuku," Ndululu alisema.

Kavata alifungua kitabu, akaandika jina lake, akaandika saa. Kisha akakifunga na kukitia ndani ya kyondo chake, juu ya vigingi.

"Weh! Hicho ni cha serikali."

"Najua."

"Bosi akiniuliza nitasema nini?"

"Sema ukweli. Kavata amekichukua, yuko Kwa Ndeti, anayekitaka akifuate huko."

"Kavata, huyo mtu atakufukuza leo."

"Mara ya arobaini na tano," alisema, na akaondoka haraka.

Wanawake walikuwa wamekusanyika, ishirini na wanane, wakiimba. Hakuna njia nzuri ya kuwaambia watu kwamba kazi yao ya wiki tatu imekaa vibaya, na Kavata hakutafuta. Aliwaambia. Wimbo ulikatika.

"Tulikuita," Kaluki alisema. "Tuliona kamba si nzuri, tukatuma mtu mara mbili. Tukaambiwa una shughuli."

"Nilikuwa nimekaa."

"Umekaa unafanya nini?"

"Nimekaa tu."

Mwanamke mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha Kaluki akatema mate pembeni, akachukua fimbo yake. "Haya. Tuanzie wapi?"

Waliipima kamba upya na kulifunga fundo mahali pake. Kuchimba upya mitaro saba kusingewezekana. Wangeweza tu kuinua kingo za upande ulioshuka, kuziba ncha kwa mawe, na kukata njia ya maji kwenda upande wa nyasi badala ya korongo. Wawili walitumwa kuwaambia watu wa Ndeti wahamishe watoto na mbuzi. Walianza juu, maana maji huanzia juu. Lakini kabla jembe halijainuliwa, Kavata alimpa kila mtu kitabu aandike jina na saa. Wasiojua kuandika walitia kidole kilichopakwa udongo mwekundu.

Walikuwa kwenye mtaro wa tatu, saa nne kasorobo, Land Rover iliposimama pale njia inapoishia. Bwana Wahome alipanda kwa miguu, viatu vyake vilivyong'arishwa vikiteleza. Nyuma yake alikuja mtu mnene mwenye kofia, akipumua kwa nguvu: Bwana Nzomo.

"Kitabu," Wahome alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Kitabu cha serikali, Kavata."

Alimpa. Wahome alikifungua. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa na majina na alama za vidole mpaka chini, ishirini na tisa, zote za kabla ya saa moja. Alisimama akiutazama. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Mkono ulikwenda pale, ukarudi.

Bwana Nzomo alitoa bahasha iliyofunguliwa. "Huyu ndiye Kavata Nzioka? Nimesoma hii nikingoja kitabu. Inasema huyu mama haachi meza yake." Aliutazama mteremko, akamtazama Kavata, aliyekuwa na matope mpaka mapajani. "Meza iko wapi?"

Wanawake wengine walicheka. Kavata hakucheka. Angeweza kunyamaza, na mzaha ule ungembeba. Alimwona Wahome akimwomba kwa macho anyamaze.

"Bwana, hiyo barua ni ya wiki tatu," alisema. "Wiki tatu nilikaa kwenye hiyo meza ili nionekane, na hii mitaro saba imelala upande kwa sababu nilikuwa nimekaa. Kosa si la hawa akina mama. Nimekaa miaka kumi na moja huku juu na hakuna aliyeandika neno."

Bwana Nzomo alichuchumaa kwa shida, akafumba jicho moja, akaufuata mtaro kwa jicho lingine mpaka mwisho. Alikuwa amezaliwa kwenye vilima. Kavata alilijua kwa jinsi alivyotazama. Akainuka.

"Wahome, barua hii siwezi kuipokea. Si ya kweli." Akamrudishia. "Naondoka saa nane. Niandikie nyingine ya mtu yeyote unayemtaka. Lakini andika ulichokiona."

Upepo baridi ulipita mlimani na kila mtu akatazama juu. Kavata hakuwa na nafasi ya kufikiria barua. Mwenzake wa fimbo ya pili alikuwa ameitwa kubeba mawe.

"Shika hii, bwana," alimwambia Wahome.

"Nini?"

"Fimbo. Isimamishe wima. Hapana, wima. Sogea chini. Chini tena. Hapo."

Akashika. Labda alishika kwa sababu Bwana Nzomo alikuwa akitazama. Labda hakujua afanye nini na mikono yake. Alishika mpaka saa sita na nusu, akisogezwa juu na chini kama mtoto wa shule, na Kaluki akamwambia waziwazi kwamba angekuwa mwanamke wa mwethya angelipishwa faini ya debe la maji kwa uzembe.

Mvua ilianza Jumatatu ile ile, saa kumi na moja jioni, ikanyesha mpaka alfajiri. Mitaro mitano ya juu ilishika. Miwili ya chini, ambayo hawakuifikia, ilipasuka, na maji yakaingia kwenye korongo yakabeba jiko moja la ukoo wa Ndeti na ukuta wa zizi. Watu hawakuguswa.

Mwezi wa Mei, wiki tatu kabla ya siku yake ya kuzaliwa, bahasha ya wilaya ilifika kujibu barua mpya ya Bwana Wahome, na ndani yake mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilimwajiri Kavata Nzioka kuwa msimamizi wa mitaro, kazi ya kudumu. Ya pili ilimwonya kwa kuondoa kitabu cha serikali ofisini bila ruhusa, na onyo hilo lingekaa kwenye faili lake miaka mitano. Zote mbili zilikuwa na sahihi moja na tarehe moja. Bwana Wahome alimkabidhi akiwa amesimama, akampa mkono, hakuomba radhi.

Muthama alimngoja nje, kando ya tangi la maji. Shati lake lilikuwa jeupe kama kawaida.

"Mimi nilikaa miezi mitatu," alisema. "Wewe ulikaa wiki tatu. Nilikuwa wa kwanza kila siku, mama. Niambie nilikosea wapi."

Kijana hakuwa amedanganya mtu. Aliambiwa kazi ni kuonekana, akaonekana, na hakuna aliyemwonyesha kazi nyingine.

"Ile mitaro miwili ya Kwa Ndeti bado iko wazi," Kavata alisema. "Kesho tunaanza kuifunga. Saa kumi na mbili na nusu."

"Na huko nani ataniona?"

"Mimi. Na Kaluki, huyo ndiye umwogope."

Alifika saa moja kasoro dakika tano, amevaa shati lile lile, hana jembe. Kaluki alimtazama juu mpaka chini, akamrushia lake.

"Wewe wa ofisini," alisema, "udongo unatupwa juu, si chini. Anza."